Kwa Appa, Mkaguzi wa Mizani Aliyewatisha Wapiga Ngoma

Appa, baba yetu Kodandaraman,

Mwaka umetimia leo tangu asubuhi ile ulipoomba kahawa ya pili, ukainywa nusu, ukaegemea kiti chako cha barazani na kutuacha. Hata sasa simu ikilia alfajiri Amma, mama yetu, hushika kifua kwanza, ndipo anyanyue. Tulidhani hofu ingeondoka nawe, kwa kuwa lile tuliloliogopa limekwishatokea. Haikuondoka.

Kwa miaka thelathini na minne ulikagua mizani ya wauza mchele na wauza dhahabu wa jiji la Madras, na hukupokea hata ndizi moja ya mtu. Ulirudi nyumbani na mkoba wa mawe ya mizani ya shaba, ukayafuta moja moja kwa kitambaa kabla hujaomba maji ya kunywa. Ulipostaafu, kila mwanzo wa mwezi ulisimama foleni ya duka la serikali kwa niaba ya wazee watatu wa mtaa, na hukuwahi kuchanganya mafuta ya huyu na sukari ya yule.

Lakini mtaa mzima wa Mylapore ulikujua kwa mkono wako wa kulia.

Ikifika Desemba, msimu wa matamasha, ulikuwa safu ya mbele kila jioni, shati jeupe, majivu matakatifu kwenye paji la uso, kiganja kikipiga paja kufuata wimbo. Mapigo ni manane: kofi, vidole vitatu kimoja kimoja, kofi, geuza, kofi, geuza. Mtoto wa miaka mitano huyajua kwa asubuhi moja. Wewe uliruka kidole cha kati, kila mzunguko, kwa zaidi ya miaka arobaini. Ulifika mwisho kabla ya wanamuziki wote, kisha ukawangoja, nyusi umeziinua, kama mwalimu mwenye subira.

Na mkono wako ulionekana vizuri mno kutoka jukwaani. Kulikuwa na mwimbaji mmoja mzee aliyesifiwa kwa kuimba amefumba macho kwa uchaji. Siku moja, chumba cha nyuma, alimwambia Dandapani, mpiga mridangam, ile ngoma ya nyuso mbili, "Uchaji gani, kijana wangu? Nikifumbua nauona mkono wa Kodandaraman."

Dandapani mwenyewe alimwendea katibu wa ukumbi akamsihi: "Mjomba yule mhamisheni, tafadhali. Mpeni kiti hata nyuma ya nguzo." Katibu hakuthubutu kukueleza. Alikwambia wasanii wanakuheshimu sana, wangependa kukuona vizuri zaidi. Basi ukahamia katikati kabisa.

Kisha ulimfuata Dandapani kantini, ukamnunulia dosa, chapati ya unga wa mchele, ukamwambia kwa upole, "Leo uliyumba kidogo kwenye wimbo wa pili. Usijali, nilikushikilia."

Hakuna aliyekuogopa kama Vaidehi, mke wa mwanao Sadagopan. Alikuja kwetu kutoka Kumbakonam miaka kumi na miwili iliyopita, mwimbaji wa koo laini na moyo mwepesi kushtuka. Aliogopa hata kuimba chini kwa chini akikata bamia, maana ulitokea mlangoni, ukaketi, na kile kiganja kikaanza. Mara mbili alijikata kidole. Hakumwambia mtu.

Kwa miaka tisa kumbi zilimpa saa sita ya mchana, saa ya kuyaimbia mapanga ya feni na watu wanaosubiri chakula. Desemba ile, iliyotangulia ile ya mwisho kwako, akapewa saa kumi jioni. Akiimba vizuri saa kumi, mlango umefunguka. Akiharibu, ndiyo basi tena. Wiki nzima hakula kitu kigumu.

Asubuhi ya siku yenyewe Amma alikuja na sharti lake.

"Baba Sada, leo hiyo mikono yako uikalie."

"Niikalie? Kwani mimi kuku, nimetaga?"

"Ikalie! Mtoto wa watu anatetemeka tangu Jumatatu."

Ulimtazama Vaidehi. Alikuwa ameshika ukuta. Hukutania tena.

Na kweli uliikalia, Appa. Kutoka jukwaani Vaidehi alikuona umekaa wima kama mtu anayepigwa picha, mikono chini ya mapaja, uso umeiva kwa kujizuia. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katika wa tatu mkono wa kulia ukachomoka wenyewe. Vaidehi akafumba macho.

Alichokisikia baadaye ni mridangam kunyamaza katikati ya mstari.

Mpiga ngoma hanyamazi katikati ya mstari. Ukumbi mzima ulishtuka, halafu mtu nyuma akacheka kwa sauti: "Leo mzee amemwangusha mpiga ngoma!" Kicheko kikaenea. Vaidehi alipofumbua macho aliona Dandapani ameruka kipaza sauti, nguo yake ya hariri imenasa kwenye waya, anakimbia kuja kwako. Kichwa chako kilikuwa kinayumba. Jirani yako wa kiti, aliyedhani umelewa utamu wa wimbo, alikuwa anakupigapiga bega na kusema, "Safi! Safi kabisa!"

Dandapani alitueleza hospitali, angali na jasho. "Mkono ule nimeutazama miaka ishirini. Nauogopa kuliko mtihani. Makosa yake yote nayajua. Leo umekosea kosa ambalo si lake."

Alipokufikia pale kitini, ulikuwa umekunja ngumi kwenye kitambaa cha shati, upande wa moyo.

"Mjomba! Unanisikia?"

"Mbona umeacha kupiga?" ulimuuliza, sauti kama karatasi. "Umepotea?"

Walikubeba na kiti chako cha plastiki, Dandapani na Sadagopan mbele, wahudumu wawili wa kantini nyuma, mikono yao imejaa unga wa dosa. Vaidehi alishuka jukwaani pekupeku akakufikia mlangoni. Midomo yako ilikuwa ya kijivu. Ukamshika kifundo cha mkono.

"Rudi juu."

"Appa, siwezi. Miguu haipo."

"Kuna daktari huko tunakokwenda. Wewe utafanya nini huko? Kulia? Umengoja miaka tisa. Rudi."

"Dandapani anakwenda nawe. Nani atanishikia mapigo?"

"Mwenyewe," ulisema. "Mimi leo nimechoka."

Bajaji ikaondoka na wewe na Amma na Dandapani. Sadagopan akaifuata kwa pikipiki. Vaidehi akabaki amesimama getini, akitazama moshi. Alisema baadaye kwamba alirudi jukwaani kwa sababu tu alikuogopa, hata ukiwa nusu mfu.

Akaketi. Kushoto kwake Hemavathi na fidla yake, nyuma mpiga chungu, chungu cha udongo kipigwacho kama ngoma, aliyekuwa na hofu kama yeye. Simu yake ilikuwa imezimwa, ndani ya mkoba, chumba cha nyuma. Akaanza kuimba, na kila mlango wa ukumbi ulipofunguka aliona ndiyo habari inaingia. Waliingia watu na vikombe vya kahawa. Aliingia mama na mtoto anayelia. Akaimba.

Kisha akamwona mfanyakazi wa ukumbi anakuja kwenye njia ya katikati, taratibu, na karatasi iliyokunjwa.

Karatasi ikawekwa mbele ya goti lake. Hakuifungua. Aliwaza kwamba maadamu haijafunguliwa, Appa yu hai. Akaurefusha wimbo, akaurudia mstari wa mwisho mara nne, mara tano, mpaka Hemavathi akamtupia jicho. Wimbo ukaisha. Vidole vyake havikuweza kukunjua, Hemavathi akamkunjulia.

*Dada, tafadhali imba ule wimbo wa kumbembeleza mtoto Krishna kabla ya saa kumi na mbili. Nina treni ya Tambaram.*

Akamwimbia mtu wa Tambaram, machozi yakimtoka, na mtu wa Tambaram akadhani ni ibada akalia naye.

Karatasi ya pili ikaja. Mara hii hata mpiga chungu aliacha kupumua.

*Mwenye gari jeupe ameziba geti la kantini. Mchuzi wa sambar hauwezi kuingia. Tangaza.*

Vaidehi akavuta kipaza sauti, akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Ukumbi ukaangua kicheko. Naye kikampanda kicheko kibaya, cha hofu, kisichotaka kukatika, mpaka Hemavathi akambana paja kwa vidole. Mzee mmoja wa safu ya mbele akainuka kimya kwenda kuhamisha gari lake.

Karatasi ya tatu aliileta katibu mwenyewe.

Hapo Vaidehi alijua. Katibu wa ukumbi haleti maombi ya nyimbo. Aliiweka chini, akakunja mikono kifuani, na Vaidehi hakuweza kuusoma uso wake. Akainua karatasi. Ilikuwa risiti ya kantini, nyuma yake imeandikwa haraka, maneno ambayo Dandapani aliyasema kwenye simu:

*Yu hai. Daktari anasema tumewahi. Anauliza: pallavi ameimba, au ameikimbia?*

Alikuwa ameikimbia, Appa. Ulimjua. Pallavi, ule mstari mmoja unaorudiwa kwa hesabu ngumu polepole na haraka, alikuwa ameuruka mara tu ngoma ilipoondoka. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimebaki. Akaipachika risiti kwenye ukanda wa sari, akauanza.

Mzunguko wa tatu akapotea. Alipotea mchana kweupe, mbele ya watu mia nne na mwandishi wa gazeti. Akanyamaza. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, "Nimepotea. Naanza upya." Watu wa Mylapore, ambao hawasamehi, wakapiga makofi mpaka akashindwa kuanza. Mara ya pili ukafika mwisho salama, sauti ikitetemeka tangu mwanzo hata mwisho. Alikuja hospitali na sari ya jukwaani, maua yakidondoka kwenye ngazi.

"Umeimba?" ulimuuliza.

"Nimeimba. Nikapotea."

"Wapi?"

"Mzunguko wa tatu."

"Hapo pagumu," ulisema, ukalala.

Uliporudi nyumbani tulikuogopea kama yai. Amma alikuwa akikuwekea kioo puani umelala, ukimkamata anasema anaua mbu. Vaidehi ndiye aliyekulisha wali wa mtindi mchana. Siku moja ukamsimamisha na sahani mkononi.

"Vaidehi. Ulikuwa unaniogopa?"

Akaitazama sahani. "Sana, Appa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya posa. Niliimba, ukakaa kimya muda mrefu, halafu ukasema 'Haya.'"

Ukacheka mpaka Amma akaja mbio akidhani ni moyo tena.

"Nilisema 'Haya' kwa sababu koo lilinikauka. Mimi ndiye niliyekuogopa. Kabla hujaja nilikuwa naimba bafuni kila asubuhi. Muulize huyu."

"Aliimba," alisema Amma. "Majirani wawili walihama."

"Mtu anayejua kuimba akiingia nyumbani, unaanza kuisikia sauti yako mwenyewe. Nikanyamaza. Miaka yote hii naoga kama mwizi."

Vaidehi alikaa chini pale pale sakafuni, akaanza kula wali wako bila kujua.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, tulisikia maji bafuni, kisha tukasikia kitu kama mlango wa bati unaovutwa. Ulikuwa unaimba. Sadagopan alisimama na mswaki mdomoni. Amma akazima jiko ili mafuta yasitoe sauti. Maithili, mjukuu wako, alikuwa karibu kuangua kicheko, Vaidehi akamziba mdomo kwa kiganja, wote wawili wamebanwa ukutani kwenye ujia, macho yamewatoka. Tuliogopa usije ukajua kwamba tupo. Tuliogopa usije ukaacha.

Uliimba kila asubuhi kwa mwaka mzima, Appa, mpaka ile ya mwisho. Na kila asubuhi tulisimama kwenye ujia ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyekohoa.

Unakumbukwa na mkeo Alamelu. Mwanao Sadagopan na mkewe Vaidehi. Binti yako Ranjani na mumewe Giridharan, walioko Nagpur. Mjukuu wako Maithili. Wazee watatu wa foleni, ambao sasa ni wawili. Na Dandapani, ambaye si wa damu lakini amekataa jina lake liachwe.

Siku zote tulizojaliwa, Appa, utakuwa mioyoni mwetu.