Mliniambia Amelala

Nsambya, Kampala
Jumapili, 14 Septemba

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mguu wako umepungua uvimbe? Na Neema wangu, bado anawakimbia mkitaka kumsuka? Mimi ni mzima na cherehani yangu ni nzima, ila moyo unaniuma tangu jana. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hunishinda.

Jana nilikwenda Kyambogo kutazama mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Msichana mkuu nilimshonea mimi gauni lake, jeupe, la mikono mirefu. Alipokuja kupimwa nilimwuliza, "Hawa wapenzi wataoana?" Akacheka. "Mama, utajionea." Kumbe hadithi yenyewe ni ya zamani, wao huisoma shuleni. Mimi sikufika darasa hilo.

Ni kijana na msichana ambao jamaa zao ni maadui. Msichana anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti, ili akishazikwa mpenzi wake aje amtoe kaburini watoroke. Lakini mjumbe wa kumweleza kijana hakufika. Kijana akasikia tu kwamba mpenzi wake amekufa, akaja na sumu.

Mama, niliona kidole cha yule msichana kikisogea. Nikasimama mbele za watu nikapaza sauti, "Ngoja! Amelala tu huyo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hajati, jirani yangu Mnubi niliyekwenda naye, akanivuta gauni: "Wewe mama, kaa chini! Hii mchezo tu. Kila mtu anajua huyu kijana anakunywa."

Na kweli akanywa. Msichana akaamka akamkuta ameshakufa, naye akajiua, ndani ya gauni langu. Kisha wazee wa pande zote mbili wakashikana mikono juu ya maiti, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kila mtu anajua. Neno hilo ndilo lililonirudisha kwenu.

Unakumbuka ulivyonipigia siku ile? "Baba Neema ana homa kidogo, njoo tu." Nikaomba, "Mpe simu nisikie sauti yake." Ukasema, "Amelala." Nikakuamini, kwa kuwa ni wewe. Nikamnunulia gonja, zile ndizi za kuchoma alizozipenda, ambazo kila mara alinimegea ncha zilizoungua kwa kuwa alijua nazitaka. Nikazifunga kwenye gazeti, nikazifunika kwa leso mapajani zisipoe. Njia nzima nilicheka na abiria mwenzangu, na kumbe nilikuwa tayari mjane. Nilipofika nikaona hema uani na viti vimepangwa. Mtu akanipokea gonja mkononi. Hadi leo sijui nani alizila.

Najua ni desturi yetu, aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu asije akaanguka njiani. Mlinionea huruma. Lakini yule msichana alikuwa amelala, wakasema amekufa. Wangu alikuwa amekufa, mkasema amelala. Mimi sioni tofauti. Safari ile ilikuwa ya kumlilia, Mama, nanyi mkaninyang'anya.

Sasa, Alhamisi uliniambia Baba ana homa kidogo. Nikaomba kuongea naye. Ukasema amelala. Tangu hapo sindano inanichoma vidole. Barua hii anakuletea Hajati mwenyewe, anapita huko kwa biashara zake. Mkaribishe chai, kisha mwingize chumbani amwone Baba kwa macho yake. Kama kweli amelala, mwamsheni aongee nami. Kama sivyo, niambie. Nitaanguka, nitainuka, nitakuja.

Msalimie dada yangu mkubwa anayekupikia, na mjomba wa kinu cha unga. Neema mwambie nimemshonea sketi ya njano yenye mifuko miwili, kama alivyotaka.

Mimi binti yako, Mama Neema. Naomba mnikumbuke.