Benchi la Mashati Meusi

S.L.P. 61,
Kanyakine, Meru.
12 Novemba 1997

Mpendwa ndugu yangu Mutembei,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko kwenye baridi yenu. Unakula vizuri? Unalala? Na kichwa je? Nijibu hilo la kichwa kabla ya mengine yote, wala usiniandikie "niko sawa" kama mtu anayemsalimia jirani barabarani.

Sisi tupo. Mama anasumbuliwa na magoti lakini bado anapanda mteremko wa mtoni mwenyewe, hataki kushikwa mkono. Mvua ya mwaka huu imepita kiasi, barabara ya Makutano imekuwa uji. Mimi bado nafundisha darasa la sita.

Ireri wa Manyatta, rafiki yako uliyesoma naye huko Amerika, alitufikia wiki iliyopita na ile kaseti uliyompa. Alitoka Embu asubuhi, akafika jioni akiwa na matope mpaka magotini, maskini. Asante kwa kutukumbuka. Lakini lazima ujue kaseti hiyo ilivyotazamwa.

Mjomba Kithinji alikataa tuitazamie nyumbani. Ati Kanyakine nzima lazima ione kazi ya mpwa wake! Jumapili baada ya ibada akaleta televisheni ya Mwirigi, yule mwenye duka la video Makutano, akaiweka kwenye ukumbi wa kanisa. Kisha akasimama akasimulia maisha yako kama kwamba yeye ndiye aliyekuzaa: ulivyorusha tufe shuleni likatoboa paa la maabara, Waamerika walivyokuchukua chuoni kwao kwa sababu ya tufe hilo hilo, kocha alivyoyaona mabega yako akakuambia uache tufe uvae helmeti ya mpira wao wa Kiamerika, na sasa una miaka sita katika timu kubwa, mtu wa mstari wa mbele. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, na mikono hii bado naionea aibu.

Mashine ya Mwirigi ilikataa rangi za kaseti yako. Tukaona nyeusi na nyeupe tu, ninyi mashati meupe, wapinzani wenu mashati meusi. Na huo ndio mchezo wenyewe? Mnainama mkitazamana, mtu anapiga kelele, mnagongana vichwa. Mnainuka, mnainama tena, mnagongana tena. Mpira wenyewe wewe huugusi! Baba alipokuwa hai, ndume wetu wawili wakianza kugongana hivyo tuliacha chakula tukakimbia na kamba kuwatenganisha. Huko kwenu watu elfu sitini wamekaa wanakula soseji, wanataka mgongane zaidi. Ptu!

Na wewe pia. Kuna pale ulipomwangusha yule kijana akabaki chini, mguu mmoja unatetemeka, nawe ukasimama juu yake ukijipiga kifua. Mutembei, nilikuonea kinyaa. Nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea, na bado nilikuonea kinyaa. Afadhali uyasikie kutoka kwangu.

Halafu ikawa zamu yako. Uligongwa upande mmoja wa kichwa, ukaanguka, ukainuka, ukatembea polepole ukaenda kuketi kwenye benchi la mashati meusi. Ukakaa katikati yao, mikono magotini, umetulia kabisa. Ukumbi ulicheka mpaka mchungaji akajifuta machozi. Mjomba akairudisha nyuma mara tatu ili wacheke tena. Daktari wenu akaja na kachupa, akakunusisha, akakuonyesha vidole, akakupiga begani, ukarudi uwanjani. Daktari! Mtu aliyesoma! Hapa ukimtendea punda wako hivyo unapelekwa kwa chifu.

Mimi na Mama hatukucheka. Sisi tulikuwa tunamwona Baba Mdogo Riungu. Unakumbuka alipoanguka kutoka kwenye mti wa makadamia, akainuka, wote wakamsifu kwa kichwa kigumu? Mwezi haukuisha akaanza kuingia kwa jirani badala ya kwake. Anaketi, anaomba chai, anauliza ni nani amebadilisha viti. Watoto tulimfuata tukicheka. Baada ya miaka miwili hakulijua jina la mkewe.

Nilisimama nikamwambia Mjomba azime hicho kitu. Akaniambia nina wivu, kwamba mwezi wa pili unatia sahihi mkataba wa miaka mitatu mingine, na kwamba ameshachapisha kadi za harambee ya kanisa, wewe ndiye mgeni wa heshima. Yeye anataka jina lako kwenye kadi, kichwa chako hakimhusu. Nilimwambia ananichukiza. Tangu hapo hatusalimiani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Barua zako za mwezi uliopita zilifika zote mbili, ya tarehe tatu na ya tarehe sita. Ni barua moja, Mutembei. Maneno ni yale yale, mpaka ule utani wa jogoo. Uliandika, ukasahau, ukaandika tena. Na zote mbili zinamwulizia nyanya, kikohozi chake kinaendeleaje, na zinasema umemnunulia shali nyekundu. Mama alipofika hapo aliikunja barua, akachukua ndoo akaenda kukama saa nane mchana, ng'ombe aliyekwisha kukamwa. Hilo la nyanya nitalijibu mwishoni.

Usitie sahihi. Sikuombi, nakuambia. Ireri anarudi huko wiki ijayo na barua hii. Nimemwagiza akusomee kwa sauti, kisha akupeleke kwa daktari ambaye hafanyi kazi na timu yenu. Halafu njoo. Shamba la mtoni lipo, na chumba chako nimekifagia.

Mama anakusalimu sana. Binti yangu Igoki anakusalimu, ameota meno mawili na anauma kila mtu. Mwirigi anaomba radhi kwa ajili ya televisheni yake. Mjomba Kithinji atakusalimu mwenyewe akipenda.

Nyanya hakusalimu. Tulimzika Aprili mwaka jana. Ulikuja, ndugu yangu. Ulibeba jeneza upande wa kichwa, viatu vikazama matopeni, ukawanyang'anya vijana sepetu ukalifukia kaburi peke yako mpaka mwisho. Na shali nyekundu ulimletea siku ile. Ulimfunika nayo wewe mwenyewe, ndiyo tuliyomzika nayo.

Mungu akishike kichwa chako kwa mikono yake miwili mpaka nitakapokishika mimi.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Karwirwa