Seva Inasema Iko Hapa Hapa

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Laptopu hapo mezani usiifunge wala usiichomoe.

Roho iko juu. Seva ya hospitali, ile yenye majibu ya maabara, imekataa kuniingiza kutoka nyumbani, na wauguzi wanabeba majibu kwa mkono tangu alfajiri. Jana niliihamishia kwenye mashine mpya, nikasahau kuiandikia anwani yake mpya ya mtandao. Sasa nikiipigia hodi inaitika, ila nikiiuliza iko wapi inajibu, "Niko hapa hapa." Laptopu nayo inaamini, inaanza kujitafuta yenyewe hapa hapa mezani! Mpaka niende nikae mbele ya seva yenyewe ndipo nitairekebisha.

~~Nakwenda moja kwa moja hospitali.~~

Asubuhi uliniambia kitu kuhusu mtoto wetu mdogo, nikakujibu bila kuinua macho, "Niko hapa, nasikia." Ukacheka: "Hata seva yako inasema hivyo hivyo." Nikakununia. Nikasikia mlango, nikadhani umefuata mkate. Sasa hivi navaa viatu ndipo naona kitanda cha mdogo kitupu, kipimajoto juu ya mto, na simu yako umeiacha kando yake.

Napitia duka la dawa kwanza, huenda mko huko. Wauguzi watanisamehe, miguu wanayo.

Tukipishana njiani, shika simu yako unipigie, unirudie ulichoniambia asubuhi. Sikusikia hata neno moja.

Mama yao