Okidi ya Bute na Birika la Mama Issack

Jumapili, 19 Januari 2025

Nimeokota mtoto! Si wa binadamu. Greda linalochonga barabara nje ya Bute lilikuwa karibu kufyeka kichaka kizima, na chini ya mgunga nikaona okidi. Okidi, huku ambako hata nzi anatembea na chupa ya maji! Majani magumu kama mkonge, mashina yamevimba kama vitunguu, maua hakuna. Eulophia petersii, kama picha za kitabuni hazidanganyi. Nikampungia dereva asimame, nikachimba kwa sahani ya bati. Mwalimu wa bayolojia magotini vumbini – wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sijawahi kuotesha kitu kikapona. Hata kaktasi ilinifia. Huyu hafi. Nataka nione ua lake kabla uhamisho haujanirudisha Kitui.

Jumatano, 22 Januari

Nimeipanda. Nusu mtungi wa mafuta ya kupikia, matobo chini, kokoto nyingi, makaa ya kuvunjavunja, udongo kiduchu. Mizizi ndani, vile vitunguu juu – ukivifukia vinaoza. Kivuli cha nusunusu, nyuma ya bafu. Na maji? Hakuna! Kiangazi inalala. Unaiacha na kiu yake mpaka mvua ije na chipukizi lichomoze.

Nimemweleza Mama Issack, mwenye nyumba wangu. Kaniangalia kama mtu aliyefungia mbuzi chumbani. Akauliza mmea umekosa nini.

Jumanne, 11 Februari

Jani limegeuka njano. Nimelilaumu jua. Mwende wa kemia anasema nililaumu jua hata wanafunzi wangu walipofeli. Mshenzi. Sijaimwagia hata tone, lakini udongo uko chepechepe. Nashuku bafu linavuja.

Jumamosi, 15 Februari

Bafu halivuji!

Leo sikuenda sokoni. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Mama Issack akaja na birika lake la plastiki, akachuchumaa kando ya mtungi, akatawadha – mikono, uso, mpaka miguu – maji yote juu ya okidi yangu. Kumbe kila swala! Tangu siku ile nilipomweleza! Nikamuuliza kwa sauti niliyojitahidi kuilainisha. Hakuona haya hata kidogo, akaniita dada kwa Kisomali chake:

"Abaayo, hii kitu iko na roho. Mungu ataniuliza, wewe ulibita hapo na maji, mbona uliacha ikufe na kiu?"

Kwake kunywesha chenye kiu ni sadaka. Kwangu ni mauaji. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinaozesha okidi. Nimelia nyuma ya bafu. Ndiyo, kwa ajili ya majani. Potelea mbali.

Vitunguu karibu vyote vimeoza, vinanuka kama soksi za bweni. Kimoja tu kimesalimika. Nikakitenga kwa wembe, nikasema kidonda kinafaa kupakwa unga wa makaa au mdalasini. Mama Issack aliutazama ule uozo. Akaingia ndani, akatoka na mdalasini wake wa chai, akakipaka mwenyewe kwa kidole, polepole. Chai ya jioni haikuwa na mdalasini. Tuliinywa hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani. Nyumba imejaa wageni wa futari, na kila mmoja akiona mtungi mkavu anaona thawabu za bure. Mama Issack anaulinda kwa fimbo! Leo amemzuia shemeji yake Korane, mzee mzima mwenye ndevu za hina, birika mkononi. Akamwambia mmea umefunga. Mzee akauliza unafungua lini. Akaambiwa mvua ikinyesha. Korane akauombea dua, akaenda kutawadha kwingine.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua! Na ubavuni mwa kitunguu, kitu kinachomoza. Si jani. Ni bua la maua!

Sasa ndiyo saa ya kuimwagia. Nikamwita Mama Issack, nikampa birika mwenyewe. Akamwaga kama kijiko kimoja, akasimama, akauliza kama amezidisha. Nikamwambia aendelee. Akakataa.

Mchana ikaja simu. Uhamisho. Kitui! Nimeuomba miaka miwili, nimeufungia hata maombi. Gari ni keshokutwa. Nilipaswa kurukaruka. Nimeketi tu.

Jumatano, 9 Aprili

Bua limefika urefu wa kidole, lina vitumba, vyote vimefumba. Mizizi ndiyo kwanza imeshika. Safari ya mashimo mpaka Kitui italivunja kabla ya Wajir. Mama Issack anasema nimwachie. Amenikariria masharti yote bila kukosea – kokoto, kivuli, kiangazi isipewe kitu – kisha akageuka upesi kwenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa wakifanya lolote.

Mizigo iko garini. Adhana ya adhuhuri imeanza. Mama Issack amepita hapa na birika lake, ameuangalia mtungi, ameendelea kutembea. Ametawadhia kule langoni, juu ya mawe matupu. Yule ambaye hajawahi kumwaga maji bure! Yamepotea yote vumbini na hakuyatazama.

Dereva anapiga honi. Nimemwambia nimesahau kitu ndani. Sijasahau kitu. Nimegeuza ndoo nikaikalia mbele ya mtungi, nimevua viatu vya safari, na sasa anapiga honi tena na mimi sinyanyuki.