Jina la Dada Tusekile

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Ipyana tu wazima. Kakao imeanikwa uani na mama yako anashinda akifukuza kuku. Ndaga, asante kwa barua yako, imenifanya niache chai ipoe. Unauliza kama bado ukipende kitabu ambacho mwandishi wake, umesikia, alimtesa mkewe.

Dada yangu Tusekile aliolewa na mwalimu aliyeandika kitabu cha hadithi. Alimpiga mpaka dada akarudi nyumbani, na kitabu amekifunga ndani ya khanga. Mama alitaka kukichoma chote. Dada akachana ukurasa mmoja tu, wenye jina na picha ya mumewe, akautumia kuwashia moto wa wali.

"Hadithi hazijanipiga," alisema.

Dada hakumsamehe mumewe, wala hatukumwomba amsamehe. Lakini tulipokuwa tukipeta mchele, alitusomea. Juu ya ukurasa uliobaki mbele aliandika jina lake kwa penseli.

Kitabu chako amua mwenyewe, mama. Mimi namshukuru dada, maana neno la kwanza nililoweza kusoma maishani mwangu lilikuwa Tusekile.

Bibi yako