Benchi la Kupanga Uzazi

Karatina,
14 Agosti 1996

Kwa dada yangu mpendwa Mukami,

Nakusalimu wewe, shemeji Simeon na watoto. Natumaini huko Kitale hamjazidiwa na baridi. Huku Mlima Kenya haujaonekana tangu Julai iingie, na nguo hazikauki. Yule ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Barua yako ilinifika. Uliandika kwa uchungu, nami sikulaumu. Umesikia kwamba watu wa kina Muriithi wamesimamisha mazungumzo ya mahari kwa sababu mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye hajaolewa, nilionekana kliniki nimeketi benchi moja na wanawake wa kupanga uzazi. Uliuliza kama ni kweli. Ni kweli. Aliyeniona ni Mama Theuri, yule aliyekuwa akiuza viazi kando ya Mama sokoni, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua.

Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ulipokuja kumzika Mama mwezi wa Aprili, uliambiwa kama kila mtu kwamba ni vidonda vya tumbo. Hata mhubiri alisema hivyo. Haikuwa tumbo. Mama alianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya hedhi yake kukoma, akadhani ni mizigo ya kabichi. Ilipozidi alikwenda kliniki, akamweleza nesi kwa sauti ya chini. Nesi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kuna kipimo cha mlango wa kizazi, lakini vifaa walivyoletewa ni vya akina mama wanaopanga uzazi, ndivyo utaratibu ulivyotoka juu. Mjane wa umri wake aende hospitali kubwa, Nyeri. Mama aliona haya kwenda kuvua nguo mbele ya daktari kijana, akarudi kwenye kabichi zake.

Mwaka uliofuata alianza kuketi nyuma kabisa kanisani, karibu na dirisha, kwa sababu ya harufu. Nilimfulia vitambaa, Mukami, nikavianika ndani ya nyumba majirani wasivione. Tulipofika Nyeri daktari alisema ni kansa, na tumechelewa.

Siku zake za mwisho aliniita, akaniambia, "Wengine waambie ni tumbo. Lakini wewe na Mukami mkapimwe, nisife bure." Kaburini tulizungukwa na watu, na kwenye simu ya posta unasikika na foleni nzima. Ndiyo maana nakuandikia.

Basi nilienda. Nilijua wangenirudisha kama walivyomrudisha Mama, kwa hiyo nilipoulizwa nilisema nimekuja kupanga uzazi. Walinipa vidonge, ambavyo bado viko kabatini havijafunguliwa, na wakanipima.

Majibu yalitoka Ijumaa. Kuna kitu, dada. Bado hakijawa kansa, lakini kikiachwa huenda kikawa. Nitalazwa Nyeri juma lijalo wakitoe. Daktari anaamini nitaweza kuzaa, ingawa hakuniahidi. Muriithi hajui. Jumapili iliyopita alinisubiri nje ya kanisa, nami nikapitia njia ya nyuma, maana sijui ni lipi litakalomlemea zaidi, uvumi ule au ukweli huu.

Jumamosi Mama Theuri alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kunikanya. Aliketi jikoni akamenya viazi vyangu bila kuombwa, muda mrefu, kisha akasimama akafunga mlango. Akaniuliza kama kile kipimo kinauma. Nilimuuliza anauliza kwa nini.

"Nilikaa kando ya mama yako siku zote zile," akasema. "Nilijua, nikanyamaza. Sasa na mimi naona damu."

Nilitaka kumwambia mengi, Mukami. Nilimpa chai. Yeye naye umri wa kupanga uzazi ulishampita, kwa hiyo siku ya kulazwa kwangu tutakwenda Nyeri pamoja, na daktari atamwona yeye kwanza.

Nenda ukapimwe kabla ya kunijibu. Wakikuuliza umefuata nini, waambie lolote litakalokufungulia mlango. Wape watoto mkono wangu, na shemeji mwambie ndama nitamwekea yeye. Mungu awalinde hadi tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Warigia