Salamu za Mferejini

Dada Wakesho,

Tangu tuhamie hapa Thika hatujambo, ila baridi. Picha hiyo ya maporomoko iliyo mbele ya kadi hii usiitazame sana, mimi mwenyewe bado sijayaona. Ninachokiona kila asubuhi ni mfereji mmoja wa mtaa mzima na foleni ya madebe.

Siku ya kwanza niliweka debe langu mwisho, kisha nikaanza kusalimia watu kwa mkono, mmoja mmoja, kama tulivyolelewa kwetu Taita. Nilipokaribia mbele, jirani yangu Mama Njeri akanivuta kanga. "Wewe, rudi nyuma. Unasalimia mpaka ufike kwa maji?" Wote wakacheka. Nikarudi, na siku tatu nikasimama kimya kando ya debe langu.

Leo Mama Njeri yule yule amegeuka akaniuliza, "Kwani tulikukosea? Siku hizi hutusalimii." Nikawasalimia wote, kuanzia mwisho hadi mferejini kwenyewe. Niliporudi nikakuta wamelisogeza debe langu mbele pamoja na yao.

Basi nisalimie watu wa nyumbani, kwa mkono, na usiruke hata mmoja.

Mdogo wako,
Mghoi